"Sukuma" si kusukuma: Kisukuma cha Bujora kwenye simu yako

Hebu fanya jaribio dogo. Fungua Instagram au X, weka alama ya reli, kisha andika jina la Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma na mganga ambaye wazee wa Usukuma bado wanasimulia maajabu yake. Usisahau ritifaa, kile kialama cha juu tunachokitumia kwenye "ng'ombe". Utaona kiungo kinakatika hapohapo: mtandao unachukua #Ng, halafu "wanamalundi" inabaki maandishi ya kawaida. Kwa mitandao hii, ritifaa ni mwisho wa neno. Ndiyo maana watu wanaandika "Ngwanamalundi", na asiyejua Kisukuma anaanza kutamka ng ya "ngazi".

Jina moja kuharibika si msiba. Lakini hebu twende Bujora tuone kingine kinachopotea.

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma unafika Kisesa, na Bujora iko jirani hapo. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari Mkanada aliyeanza kazi zake hapo miaka ya 1950. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya jadi, kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, panakuwa na Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya pande mbili zenye ushindani wa tangu karne ya 19: Bagika na Bagalu. Kila upande unataka kuvuta watazamaji, ndiyo maana utaona majembe yanarushwa hewani kwenye bugobogobo na nyoka wazima wanashikwa mikononi.

Siku hizi simu ziko juu kuliko majembe. Tatizo ni kinachotokea baadaye. Klipu nyingi ninazokutana nazo zimefutwa sauti na kubandikwa muziki wa Bongo Fleva, halafu chini yake pameandikwa "ngoma ya asili". Asili ya nani? Kwenye mashindano haya wimbo ni nusu ya pambano: manju wa upande huu anamchokoza wa upande ule, kwa mafumbo, na watu wanacheka. Ukifuta sauti umebakiza vumbi na mazoezi ya viungo.

Sasa utauliza, si tutafsiri tu kwa Kiswahili? Tutafsiri, ndiyo, ila angalia neno lenyewe "Sukuma". Kwa Kiswahili linaleta picha ya mtu anasukuma gari. Kwa Kisukuma ni kaskazini. Kusini ni dakama, mashariki kiya, magharibi ng'weli. Yaani Wasukuma ni "watu wa kaskazini", jina lenye maana ukiwa umesimama upande wa Wanyamwezi. Neno hilo moja limebeba ramani nzima, na ukilisoma kwa Kiswahili ramani inayeyuka.

Profesa Herman Batibo, mwanaisimu wa Kitanzania, alieleza katika kitabu chake cha 2005 kuhusu kufifia na kufa kwa lugha za Afrika kwamba lugha ndogo nyingi zinabanwa zaidi na lugha kubwa za Kiafrika kuliko zinavyobanwa na Kiingereza au Kifaransa. Kwa Tanzania maana yake ni Kiswahili, lugha hii hii ninayokuandikia. Kisukuma kina mamilioni ya wasemaji, hakifi kesho. Lakini shuleni hakimo, na redioni kwetu husikii taarifa ya habari kwa Kisukuma, wakati ng'ambo ya ziwa, Kenya, Wajaluo wana Ramogi FM. Kwa hiyo simu si nyongeza tu kwa Kisukuma. Kwa kijana aliyekulia mjini, ni karibu sehemu pekee ya hadhara anapoweza kukutana nacho.

Kukiandika nako kuna kazi. Kisukuma kina irabu saba, kibodi yako ina tano. Ile i ya kwenye "Ki-" iko katikati ya i na e, kiasi kwamba kitabu cha Batibo cha 1985, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kinaiita lugha hiyo "kesukuma". Kuna pia m na n zinazotoka na pumzi, kama kwenye "mhola", na kuna toni. Toni ya juu ya silabi moja huweza kusikika silabi kadhaa mbele yake! Hakuna tahajia ya WhatsApp itakayobeba yote hayo.

Mimi siamini kwamba tusubiri tahajia kamili. Waskoti wanaandika Kiskoti mtandaoni jinsi wanavyokisema, kila mtu na tahajia yake, na wanaelewana kwa sababu sauti wanayo vichwani. Jambo la hatari ni maandishi yasiyo na msemaji nyuma yake. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa na nia njema, ila alichoandika kilikuwa Kiingereza kilichopindishwa.

Kwa hiyo anza na sauti. Mwombe bibi au babu asimulie, umweleze wazi kwamba itaonwa na watu usiowajua. Akikataa, acha. Dawa za Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, zina taratibu zake za kufundishwa, na kamera si mwanachama. Akikubali, usimkatize kwa Kiswahili. Kwenye maelezo andika maneno muhimu kwa Kisukuma kadiri unavyoweza, kisha tafsiri chini yake, maana injini ya kutafuta hupata kilichoandikwa: klipu yenye "ngoma ya asili" peke yake haitapatikana na anayetafuta "bugobogobo". Kwenye alama ya reli ondoa ritifaa, ndani ya maelezo irudishe.

Halafu hifadhi faili la awali. WhatsApp hubana video, na sauti hupungua ubora wakati toni ndiyo tuliyoifuata. Lipe faili jina la msimulizi kama ameruhusu, kijiji na tarehe, na nakala moja mpelekee yeye mwenyewe.