Likizo ya ufukweni: Mtoto wa Lupembe akutane vipi na maji ya chumvi

Juni, Lupembe. Saa tatu asubuhi ukungu bado umelalia mashamba ya chai na watoto wamejibanza jikoni, kila mmoja na masweta mawili. Shule zimefungwa. Baba na mama wamepiga hesabu ya fedha ya chai na maparachichi, wakaona safari hii inatosha: siku nne katika nyumba ya wageni iliyo kando ya bahari, Bagamoyo. Watoto hawalali tena. Wa mwisho anauliza kila jioni kama bahari ina mlango.

Kwa familia nyingi za Njombe maandalizi ya safari ya namna hii huishia kwenye nauli na nguo mpya. Lakini mwili uliokulia kwenye baridi ya nyanda za juu unaposhuka hadi usawa wa bahari hukutana na mambo manne kwa mpigo: joto, jasho, mbu na maji yanayotembea. Hakuna kati ya hayo linalostahili kuahirisha safari, ila yote yanataka mzazi ajue kitu kabla ya kupanda basi.

Njiani nako ni likizo

Kutoka Makambako hadi pwani ni zaidi ya kilomita 600, na kwa mtoto hiyo ni siku nzima ya kukaa. Wazazi wenye busara huifanya barabara kuwa sehemu ya matembezi. Baada ya Iringa kuna mteremko wa Kitonga, kisha bonde la mibuyu, kisha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyouzwa hadi dirishani. Mbele yake barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuona twiga na pundamilia bila kiingilio. Nyani wa njiani wasirushiwe ndizi. Wanazoea magari, wanagongwa, na wanang'ata.

Wanaosafiri kwa gari binafsi wanaweza kukwepa foleni za Dar es Salaam kwa kukata Chalinze kwenda Msata, kisha kushika lami ya Msata hadi Bagamoyo. Wanaopenda reli wana stesheni ya TAZARA hapohapo Makambako, na kipande cha kuteremka hadi Mlimba, chenye mahandaki na madaraja, ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote. Ratiba iulizwe stesheni kabla ya kufungasha.

Chakula cha njiani kiwe kikavu: mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, viazi, karanga, ndizi. Wali wa asubuhi uliofungwa kwenye hotipoti, ukifunguliwa Morogoro saa nane mchana, umeshakuwa mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana.

Kabla ya kulipia chumba

Picha za kwenye simu huonyesha kitanda na minazi. Hazionyeshi vitu ambavyo mzazi anapaswa kupiga simu kuviuliza. Je, kila kitanda kina chandarua, na hakina matundu? Madirisha yana wavu? Maji ya bomba ni baridi au ya chumvi, na ya kunywa yanatoka wapi? Na swali ambalo wengi hulisahau: kati ya mlango wa chumba na maji kuna uzio au geti? Mtoto wa miaka mitatu huamka kabla ya wazazi, na bahari aliyoiona jana haitoki kichwani. Nyumba yenye geti linalofungwa usiku ina thamani kuliko ile yenye chumba kinachotazama maji.

Kama kuna bwawa la kuogelea, swali ni hilohilo.

Siku ya kwanza watoto wasikimbizwe. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea joto, na mtoto wa baridi hatoi taarifa kwamba ana kiu. Ananuna tu, anasinzia, anaumwa kichwa. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Maji safi kila baada ya muda mfupi, na dafu la jioni, vinatosha kwa mtoto mzima wa afya. Akiharisha, pakiti za ORS ziwe tayari kwenye begi, maana duka la dawa linaweza kuwa mbali na ufukwe. Harara shingoni na mgongoni zitatokea kwa wengi. Dawa yake ni kuoga maji baridi, kuvaa pamba nyepesi, na kuacha mafuta mazito ya mgando ambayo Lupembe yalikuwa rafiki wa ngozi.

Jua kali lipishwe, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Huo ni wakati wa kulala, kusoma au kutembelea majengo. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu hata majini, na losheni ya kuzuia jua. Ile ya Kilisun inayotengenezwa mkoani Kilimanjaro ilibuniwa kwa ajili ya ngozi kama yake.

Bahari inaondoka, kisha inarudi

Hapa ndipo watu wa milimani hushangaa. Ziwa Nyasa, ambalo wengine wamelionea Matema au Lupingu, hukaa mahali pake. Bahari haikai. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila awamu ikichukua takribani saa sita, na kila siku muda husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya mwezi na mwezi ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Wavuvi wa Bagamoyo wanajua saa za maji kwa kichwa, na swali la kwanza la mgeni kila asubuhi liwe kwao: "Shikamoo mzee, leo maji yanajaa saa ngapi?"

Maji yakipwa, ufukwe wa Bagamoyo hufunguka mbali, na huo ndio wakati mtamu kuliko wote kwa watoto wadogo. Kaa wanakimbilia mashimoni, konokono wanaacha michirizi, mikoko inaonyesha mizizi yake. Mtoto mwenye ndoo na kijiko anaweza kumaliza saa mbili bila kuomba simu ya mama. Viatu vya plastiki visivuliwe, kwa sababu ya chupa, miamba na miiba. Tatizo huja pale familia inapofuata maji mbali, ikasahau muda, na maji yakaanza kurudi kupitia mabonde madogo yaliyo nyuma yao. Kinachoonekana kama dimbwi la magotini kwa baba ni kifua cha mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa watoto wadogo methali hiyo inaweza kumdanganya mzazi. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono; kichwa kinaingia, kinatoka, kinaingia, na ndani ya dakika chache kila kitu kimekwisha huku watu wazima wakipiga stori mita kumi kutoka hapo.

Kwa hiyo mtu mzima mmoja awe zamu, bila simu, bila kinywaji, na zamu ikabidhiwe kwa kutamka: "Sasa ni wewe." Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 zamu maana yake ni kuwa karibu kiasi cha kumshika kwa mkono. Kaka wa miaka kumi si mlinzi. Matairi ya ndani ya gari na maboya ya kupuliza si ulinzi pia, maana upepo wa kusi huyasukuma na mtoto juu yake. Mtoto mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea pembeni yake, hata kama dawa anameza vizuri.

Mtoto akivutwa na mkondo, mzazi asiyejua kuogelea asijitupe. Arushe kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linambeba mtoto vizuri. Akitolewa akiwa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo kutoa maji. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma, apulizwe pumzi mdomoni, kisha kifua kibonyezwe kwa nguvu na haraka, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka, bado aende hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Viumbe vya baharini vinasumbua zaidi ya kuua. Yavuyavu akimchoma mtoto, eneo lioshwe kwa maji ya bahari na lisisuguliwe kwa mchanga. Kwa upande wa chakula onyo ni kali zaidi. Samaki anunuliwe kwa wavuvi wanaojulikana, si yule aliyeokotwa ufukweni. Bunju, yule anayejijaza upepo, ana sumu isiyokufa kwa kupikwa. Nyama ya kasa nayo isiguswe, licha ya kwamba sheria inakataza: Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Jambo moja bahari inawaondolea wazazi: konokono wa kichocho huishi kwenye maji baridi, hivyo anayeoga baharini hachukui ugonjwa huo. Anayekwenda Ziwa Nyasa hana unafuu huo, na apime akirudi.

Mchana wa jua kali, mji wa zamani

Saa za jua kali Bagamoyo ina kazi ya kutosha. Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ambayo mtoto wa darasa la nne atayatambua kutoka kitabuni. Mjini kuna milango ya kuchonga, Boma la Wajerumani waliofanya hapa makao yao makuu hadi 1891, na mnada wa samaki ufukweni. Vijana wa TaSUBa wakiwa na mazoezi ya ngoma, watoto hawataki kuondoka.

Katika misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868 kuna makumbusho, na kuna kisa ambacho watoto hukikumbuka kuliko vyote. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao walifika hapa na mwili wa David Livingstone, baada ya kutembea takribani miezi tisa kutoka eneo ambalo leo ni Zambia. Kifo chake kimehusishwa na malaria na kuhara damu. Miaka 150 baadaye, mbu hawajahama.

Homa inayosubiri hadi nyumbani

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini. Tabora ilifika asilimia 23, Njombe ilikuwa chini ya asilimia 1. Hii ni neema ya baridi, lakini ina upande wa pili. Mtoto aliyekulia Lupembe hana kinga ambayo mwenzake wa Bagamoyo ameijenga kidogo kidogo, na akiambukizwa anaweza kuzidiwa haraka. Mjamzito yuko katika hali hiyohiyo, na mtoto mwenye selimundu zaidi. Hawa watatu wapite kituo cha afya kabla ya safari kuuliza kuhusu dawa za kinga.

Mbu wa malaria huuma usiku. Kuanzia jua linapozama, watoto wavae suruali na mikono mirefu, wapakwe dawa ya kufukuza mbu, walale ndani ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro. Kubeba cha nyumbani si ushamba. Mchana kuna mbu mwingine, wa dengu, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2019. Huyo huzaliana kwenye vifuu na makopo yenye maji.

Hatari kubwa inakuja baada ya mchanga kukung'utwa viatuni. Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya siku ya 10 na 15. Wakati huo familia imesharudi kwenye ukungu, kila mtoto Lupembe anakohoa, na homa inaitwa mafua. Mama anatoa parasetamoli, homa inashuka, inarudi. Siku mbili zinapotea hivyo.

Ndani ya wiki nne baada ya kurudi, homa yoyote ipelekwe zahanati siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: "Tulikuwa pwani." Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na dawa mseto hutolewa kwa aliyekutwa na vimelea. Degedege, kutapika kila anachopewa, kulegea, kushindwa kunyonya au kupumua kwa shida ni dalili za kukimbilia hospitali usiku uleule, hata kama ni kukodi pikipiki hadi Kibena.

Asubuhi ya kuondoka, kuna nafasi kwenye begi pale masweta yalipokuwa, kwa kuwa yatavaliwa tena kuanzia Iringa. Nafasi hiyo ijazwe dagaa wakavu waliochambuliwa mchanga. Takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe wamedumaa, kwa utafiti huohuo wa 2022, ingawa mkoa una chakula kingi. Kiganja cha dagaa waliotwangwa kwenye uji au mboga kila siku kitadumu muda mrefu kuliko makombe ambayo wa mwisho amejaza mfukoni. Na tarehe ya kurudi iandikwe kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na tarehe ya wiki nne mbele yake.