Istilahi za Aljebra ya Mstari: "Huru" au "-siotegemeana"?

Mwanafunzi atokaye mjini Babati kwenda kusoma hisabati chuo kikuu aghalabu huwa amekwisha kupitia lugha tatu. Nyumbani huenda alizungumza Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi. Katika shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia ya shule hizo tangu 1967. Na kuanzia Kidato cha Kwanza akafundishwa kwa Kiingereza. Vekta na matriksi hukutana nazo katika Kidato cha Nne. Huko hujifunza kanuni za kukokotoa, na pengine hufaulu vizuri. Lakini akiulizwa chuoni kwa nini matriksi fulani haina kinyume, hujibu tu kwamba hesabu imetoa sifuri. Sifuri hiyo ina maana gani, hana neno la kuielezea.

Tuchukue mfano wa soko la Babati, wilaya ijulikanayo kwa mahindi na mbaazi. Mnunuzi mmoja amelipa shilingi 70,000 kwa madebe 2 ya mahindi na debe 1 la mbaazi. Wa pili, kwa bei zile zile, amelipa shilingi 50,000 kwa debe 1 la kila zao. Bei zajulikana mara moja: mahindi 20,000, mbaazi 30,000. Sasa tuseme wa pili alinunua madebe 4 ya mahindi na 2 ya mbaazi kwa shilingi 140,000. Tumepewa habari mbili, lakini ya pili ni ile ya kwanza iliyozidishwa kwa 2, bei hazipatikani. Na kama angedai kwamba alilipa 150,000, habari hizo zingepingana, wala pasingekuwa na jibu lolote. Katika hali ya kwanza, 2×1 − 1×1 ni 1. Katika hizi nyingine, 2×2 − 1×4 ni sifuri. Namba hiyo hubainisha kama jibu lipo na ni moja tu. Kwa hiyo twapendekeza iitwe *kibainishi*.

Matriksi yenyewe tuiache ilivyo. J. J. Sylvester alipoipa jina hilo mwaka 1850 alitumia neno la Kilatini lenye maana ya tumbo la uzazi, na mfasiri atakayelifuata neno kwa neno atawachekesha wanafunzi bila ya kuwafundisha.

Shida kubwa zaidi iko katika vekta ambazo haziundiki moja kutokana na nyingine. Wepesi wa kufasiri hutupeleka kwenye "vekta huru". Hatuipendi istilahi hii. Uhuru, katika matumizi yetu, ni sifa ya mtu mmoja au nchi moja, nayo husimama peke yake. Bali sifa tunayoizungumzia ni ya kundi zima. Vekta (1, 1) si huru wala si tegemezi mpaka tujue imewekwa pamoja na zipi. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana, *-an-*, kinachobeba jambo hilo bila ya maelezo: *vekta zisizotegemeana*.

Hata hivyo mwalimu hana budi kuwa na tahadhari. Kutendana huweza kumfanya msikilizaji afikirie wawili wawili tu. Katika (1, 0), (0, 1) na (1, 1), ukizipima mbili mbili, hakuna iliyo zidisho la mwenzake. Lakini ya tatu ni jumla ya mbili za kwanza, hivyo kundi lina utegemezi. Tena, kundi likiwa na utegemezi haimaanishi kila vekta yategemea wenzake: katika (1, 0), (2, 0) na (0, 1), hiyo ya mwisho haiundiki kutokana na zile nyingine. Ndiyo maana kwa upande wa ukanushi twasema "zisizotegemeana", na kwa upande wa ukubali twapendelea "kundi lenye utegemezi" kuliko "vekta zinazotegemeana".

Kuhusu *msingi* hatuoni mgogoro: ni vekta zisizotegemeana zinazotosha kuunda nyingine zote za nafasi yake, na katika nafasi zinazofundishwa mwaka wa kwanza, idadi yake haibadiliki hata tukichagua msingi mwingine.