Kijisanduku Kinachodai Pesa

Wiki iliyopita nusura nitoe pesa. Kila baada ya dakika chache kilichomoza kijisanduku kwenye kona ya kompyuta yangu: eti ina virusi, nilipie programu ya kuviua. Nikikifunga, chaja tena. Nikazima mashine na kuiwasha, kikarudi.

Kumbe hapakuwa na virusi. Siku moja, nikikimbizana na taarifa ya habari ya saa saba, tovuti fulani iliniomba ruhusa ya kunitumia arifa. Nikabonyeza “ruhusu” bila kusoma. Ikawa inanitisha kwa idhini yangu mwenyewe!

Likikupata, usiguse onyo lenyewe. Ndani ya Chrome fungua mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Tovuti usiyoijua, izuie. Changu kilinyamaza papo hapo.