Maji Yaliyomo Katika Majina: Siongiroi, Nairobi na Ng'ambo

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la mahali ni sanaa ya lugha, na kwamba sanaa hiyo huhifadhi mito na vinamasi visivyoonekana tena.

Tuanzie Siongiroi, katika nchi ya Chepalungu, Bomet. Chepalungu ni jina la msitu pia, ingawa sehemu kubwa ya msitu huo imekwisha kuwa mashamba na malisho. Kaskazini yake, upande wa Kericho, kuna Ainamoi. Msomaji wa Kiswahili atadhani humo mna neno letu "aina", sivyo. Katika Kikipsigis, aina ni mto. Neno hilohilo limo katika Ainabkoi, "mto wa mawe", huko Uasin Gishu.

Mijini ushahidi wa namna hii una thamani zaidi, kwa kuwa huko maji yamefunikwa. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 ilikuta kinamasi. Lakini mfano ulio wazi kupita yote, kwa maoni yangu, ni wa Unguja. Mtu atokaye Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo leo huvuka barabara tu. Ni ng'ambo ya nini, basi? Na pale Darajani, daraja li wapi? Palikuwa na hori la bahari lililozitenga sehemu hizo mbili, likafukiwa katika karne ya 20. Maneno mawili ya kawaida kabisa yametuhifadhia ramani nzima.

Hili si jambo la udadisi mtupu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakazi wa Mukuru na Mathare, Nairobi, walibomolewa nyumba zilizokuwa katika mita 30 za ukingo wa mto. Ukingo huo ulipimwa kwa mto wa leo. Mto wa zamani ulipita wapi, na ulitanda hadi wapi? Wapima ardhi hawakuzoea kuwauliza wanaisimu swali hilo, nasi hatukujiandaa kulijibu.

Kazi ya kukusanya majina ya maji yafaa ianzie kwa wazee wa vijijini, kama wale wa Siongiroi, ambao bado wanaweza kumwonyesha mtafiti kijito chenyewe. Kila jina liandikwe pamoja na toni yake, kwani Kikipsigis ni lugha ya toni, na maandishi ya kawaida huiacha.