Uso si Sufuria

Ngozi ya uso hujibadili yenyewe. Seli zilizokufa hupukutika kila siku bila mwenyewe kuona, na mpya hupanda kutoka chini kuzishikia nafasi. Kwa kijana mzunguko huo huchukua takriban mwezi mmoja, na umri ukisogea hupungua kasi. Kwa hiyo anayesimama mbele ya rafu ya duka, sabuni ya uso mkono huu na skrabu mkono ule, anachagua msaidizi wa kazi ambayo tayari inafanyika.

Sabuni ya uso huondoa kilichotua juu: jasho, vumbi, vipodozi na mafuta yanayotolewa na ngozi. Maji peke yake hayawezi, maana mafuta hayayeyuki majini. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaoshika mafuta. Molekuli nyingi hulizingira tone la mafuta, kisha maji ya kusuuza huondoka nalo. Ila sabuni kali haichagui. Huchukua pia mafuta yaliyo katikati ya seli, yale yanayozuia unyevu wa mwili kutoroka. Uso unaokakamaa baada ya kuoshwa umepokonywa mafuta hayo, wala hiyo si dalili ya usafi.

Kuna pia suala la asidi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5, na vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta yake ya kinga hufanya kazi vizuri katika hali hiyo. Sabuni ya kawaida ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10. Sabuni nyingi za uso hutengenezwa kwa viambato vya upole zaidi, ili pH ikaribiane na ile ya ngozi.

Skrabu hufanya kazi kwa msuguano. Chembe za sukari, chumvi, kahawa au mbegu zilizosagwa hung'oa seli zilizokufa, na uso hulainika papo hapo. Watu wa Pwani wanalijua hilo tangu zamani kwa singo anayosuguliwa bibi harusi. Lakini singo ni ya mwili na ya siku maalumu, ilhali ngozi ya uso ni nyembamba zaidi na skrabu ya dukani hushawishi mtu aitumie kila asubuhi.

Kwa ngozi nyeusi, gharama ya kuzidisha huonekana wazi. Ngozi ikichubuka, seli zinazotengeneza melanini huchochewa, na mahali palipoumia hubaki doa jeusi kwa miezi. Mtu husugua ili kufuta madoa, kumbe anayaongeza.

Chunusi nazo hazitokani na uchafu wa juu. Huanzia ndani ya kitundu cha unywele, mafuta na seli zilizokufa vinapoziba njia, mahali ambapo chembe ya skrabu haifiki. Asidi ya salisiliki hufika, kwa sababu huyeyuka katika mafuta. Ndimu isichukuliwe kuwa mbadala wake: asidi yake ni kali mno, na maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi.

Basi, osha uso kwa sabuni ya upole jioni, na asubuhi pia kama una mafuta mengi. Tumia vidole na maji ya uvuguvugu, si dodoki. Skrabu, ukiipenda, iwe ya chembe laini, mara moja kwa wiki, bila kukandamiza, na isiwe siku uliyonyoa ndevu au kupaka asidi. Mwenye chunusi zilizovimba au ngozi inayowasha aiache kabisa. Na mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue sabuni; seli zilizokufa zitapukutika hata bila skrabu.