Hiari ya Nani?

Waulize walioitazama The Adjustment Bureau (2011), hutapata jibu moja. Wengine wanaisifu kwa sababu Matt Damon na Emily Blunt wanapendana mpaka unaamini. Wengine wanaguna: mwisho umerahisishwa mno.

Kisa chenyewe: David, mwanasiasa wa New York, anampenda Elise, mcheza dansi. Wanaume wenye kofia wanawatenganisha, eti Mpango hauruhusu. (Kofia hizo ndizo zinazofungua milango ya ajabu, hapo nilicheka.) Hadithi ya Philip K. Dick ya 1954, iliyozaa filamu hii, haina mapenzi hayo.

Lawama yangu mimi iko kwingine. Tunaambiwa mipango ya zamani iliwataka wawili hawa wawe pamoja, kisha ikabadilishwa. Sasa David anapokaidi, ni hiari yake kweli au Mpango wa zamani bado unamvuta? Kwa tuliofika chuoni kwa kozi tulizopangiwa, halafu tukazipenda, swali hili si la sinema tu. Filamu inalikwepa. Inamshangilia David kama mtu huru, kumbe Mwenyekiti ndiye anayeandika upya Mpango. Yaani hata uhuru umepelekwa ofisini kugongwa muhuri.