Kesho Haianzi Siku ya Kuacha Kazi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani,

Mtu anayeshuka shimoni na mawazo mengi haoni vizuri jiwe lililolegea juu ya kichwa chake. Kwa hiyo hofu ya kesho ni jambo la usalama pia.

Tukumbuke yaliyopita. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa karibu 30,000 tu. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Walipokea malipo, lakini kwa wengi fedha ziliisha upesi. Baba wengi walishika jembe. Mama wengi waliuza unga na makala, wakalisha nyumba.

Tujifunze kwao:

1. Usimfiche bibi yako mshahara. Pangeni pamoja matumizi, na akiba hata ndogo.

2. Jifunze kazi ya pili wakati nguvu ingalipo: shamba, ushonaji, umeme au useremala.

3. Ukikosa usingizi, usitafute dawa katika pombe. Mwambie mkubwa wako kabla ya kushuka, kisha uende kwa mganga wa dispensari.

Leo jioni, mkiisha kula, ulizaneni pamoja na watoto: miaka kumi mbele tutaishi kwa kazi gani? Mtoto naye asikilizwe. Nyumba inayozungumza haishtuki ovyo, na baba yake anashuka kazini akiwa na macho mawili.